Warsha za ustawi vyuoni: Nani yuko ukumbini, nani kabaki jikoni?

*Siku za afya, semina za fedha na mafunzo ya kujiandaa kustaafu ni jambo la kawaida sasa katika vyuo vya Ukambani. Wanaozihitaji zaidi ndio wasioonekana kwenye orodha ya mahudhurio.*

Saa mbili u nusu, maombi na utambulisho. Saa tatu, hotuba ya mwalimu mkuu, ambayo aghalabu hula dakika kumi zaidi ya ilizopewa. Saa nne, chai: mandazi, mayai ya kuchemsha, maziwa mengi. Saa nne u nusu, upimaji wa presha na sukari.

Hiyo ndiyo sura ya siku ya ustawi wa wafanyakazi, na yeyote aliyewahi kuajiriwa katika chuo cha umma nchini Kenya ataitambua bila kuambiwa ni chuo gani. Muuguzi huja na mashine yake, hupewa meza pembeni ya ukumbi, na foleni hujipanga mbele yake. Watu wanatoka kwenye chai moja kwa moja. Mikono ya shati imekunjwa nusu, miguu imepishanishwa, mazungumzo ya mpira hayajakatika.

Aliyesomea kazi ya kupima presha anajua kwamba hapo kila kitu kimeharibika. Anayepimwa anatakiwa awe ametulia kitini dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Ule mfuko wa mashine hufungwa juu ya ngozi, haufungwi juu ya shati. Asiwe amekunywa chai wala kahawa nusu saa kabla, na kama anahitaji kwenda msalani, aende kwanza. Akipuuza hayo, mtu ambaye asubuhi nyumbani angesoma 128 kwa 82 anaweza kuondoka na kikaratasi kinachosema 146 kwa 91, pamoja na hofu ya wiki nzima. Sukari ndiyo zaidi: ukishakula mandazi mawili, kile kipimo cha mtu aliyefunga tangu usiku hakipo tena.

Kulirekebisha jambo hili hakugharimu hata shilingi. Upimaji uwekwe kabla ya chai. Lakini ratiba hunakiliwa kutoka ya mwaka jana, na ya mwaka jana ilinakiliwa kutoka ya mwaka juzi, kwa kuwa mara nyingi lengo la siku yenyewe ni kuonyesha kwamba ilifanyika.

Kibwezi iliwahi kuwashinda walimu

Afya ya watu wanaokuja kufundisha katika eneo hili ina historia ndefu kuliko maofisa wengi wa rasilimali watu wanavyodhani.

Mwaka 1891, misheni ya Waskoti iliyoongozwa na Dkt James Stewart, aliyekuwa na sifa tayari kwa kazi yake ya shule ya Lovedale nchini Afrika Kusini, ilipiga kambi Kibwezi, huku Ukambani. Mpango ulikuwa kuanzisha kituo chenye shule, tiba na kazi za mikono. Homa haikuwapa nafasi. Kadhaa kati ya wale wa kwanza walikufa, na mwaka 1898 misheni ikafungasha na kuhamia nyanda za juu, mahali ambapo baadaye palikuja kuwa Thogoto, karibu na Kikuyu.

Wakuu wa misheni ile hawakuwaitia walimu wao semina ya kuvumilia mbu. Waliona mahali pa kazi panaua, wakapahamisha.

Karibu miaka themanini baadaye, Kibwezi ikarudi kwenye ramani ya afya kwa sababu nyingine. Shirika la AMREF liliendesha hapa mradi wa afya vijijini uliowafunza wahudumu wa afya wa kijamii, ambao ni wanakijiji wa kawaida waliokabidhiwa kazi ya kuwafuata majirani zao majumbani. Na mwaka 2016, Kaunti ya Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ilianzisha MakueniCare, ambapo familia ilijisajili kwa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa zaidi.

Kwa hiyo wakazi wa huku si wageni wa mipango ya afya. Wameona inayomfuata mtu nyumbani kwake, na wameona inayomsubiri ukumbini.

Barabara moja, waajiri wengi

Mtu akishuka barabara ya Mombasa kutoka Emali, apite Makindu hadi Kibwezi, kisha akate kushoto na kuifuata lami ya Mutomo kwenda Kitui, atakutana na vyuo vya kila namna. Vile vya ufundi vya vijijini, ambavyo wazee bado huviita politekniki, viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Taasisi kama Wote Technical ziko chini ya serikali kuu, na kila moja ina bodi yake ya magavana. Makindu kuna kampasi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1927 na ambacho ni shirika la serikali. Kwa Vonza, upande wa Kitui, kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013.

Tofauti hizi si za karatasi tu. Ndani ya chuo kimoja cha ufundi unaweza kumkuta mkufunzi aliyeajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma, karani aliyeajiriwa na bodi kwa mkataba wa miaka michache, na mlinzi ambaye mwajiri wake ni kampuni ya ulinzi iliyoshinda zabuni. Wote watatu huingia kwa lango moja. Mmoja tu ndiye anayelindwa kikamilifu na miongozo ya utumishi wa umma.

Na miongozo hiyo, ukiisoma, ni mizuri. Ule wa sera za rasilimali watu uliotolewa na Tume hiyo mwaka 2016 unampa kila mtumishi wa umma fursa ya mafunzo ya angalau siku tano katika mwaka wa fedha. Unazungumzia ushauri nasaha, ulevi na dawa za kulevya kazini, na maandalizi ya kustaafu. Tena kuna mikataba ya utendakazi, iliyoanza mwaka 2004, ambayo taasisi za umma hutia saini kila mwaka. Miongoni mwa yanayopimwa ni kazi ya kuzuia ulevi na mihadarati, ambayo taarifa yake hupelekwa kwa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Hapo ndipo warsha nyingi zinapozaliwa. Robo ya mwaka inakaribia kwisha, taarifa inahitajika, na taarifa inahitaji picha na orodha yenye saini. Siku inatafutwa haraka.

> Robo ya mwaka inakaribia kwisha, taarifa inahitaji picha na orodha yenye saini. Siku inatafutwa haraka.

Haifai kulicheka sana jambo hili. Bila shinikizo la mkataba wa utendakazi, yamkini vyuo vingi visingeandaa chochote.

Orodha ya mahudhurio

Chukua orodha hiyo na uisome kwa vyeo. Wakufunzi wapo. Makarani, wahasibu, mtu wa masijala, mkutubi, wapo. Naibu wa mwalimu mkuu amekaa safu ya mbele.

Mlinzi wa usiku hayupo; ametoka zamu saa kumi na mbili asubuhi na amelala. Mpishi hayupo, yeye ndiye aliyechemsha yale mayai, na sasa anachambua mchele wa chakula cha mchana cha watu walioko ukumbini. Mfagizi yuko nje akingoja watoke ili asafishe. Dereva amekwenda Emali kumchukua mgeni rasmi. Kibarua wa shamba la chuo hakuambiwa, na hata angeambiwa, siku asiyoshika jembe ni siku asiyolipwa.

Ukitaka kujua nani katika chuo ana uwezekano mkubwa wa kuumwa mgongo, kukosa usingizi, kupuliziwa moshi wa kuni au kudaiwa na shailoki, anza na majina hayo matano. Kazi ya zamu ya usiku huvuruga usingizi, na usingizi ukivurugika kwa miaka, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari hupanda. Jiko la kuni katika chuo cha wanafunzi mamia kadhaa huwaka kabla ya alfajiri. Joto la Kibwezi mwezi wa Februari halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyelionja.

> Mpishi hayupo ukumbini. Yeye ndiye aliyechemsha yale mayai.

Vyuo vikuu vingi nchini vimekabidhi ulinzi na usafi kwa kampuni za nje ili kupunguza mzigo wa mishahara. Hesabu ya kifedha inaeleweka. Matokeo yake upande wa ustawi ni kwamba watu hao hawamo tena kwenye vitabu vya chuo, hivyo hawamo kwenye mwaliko. HR wa chuo atasema ni wa kampuni. Kampuni, ikiwa na makao Nairobi au Machakos, haina ukumbi Kibwezi.

Chuo kikuu kilichojipima

Swali la nani huja na nani hafiki liliwahi kuchunguzwa kwa makini makubwa, na waliochunguzwa walikuwa wafanyakazi wa chuo kama hawa.

Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Urbana-Champaign, Marekani, kilianzisha mpango wa ustawi kwa wafanyakazi wake. Karibu watu 5,000 walijiandikisha. Watafiti Damon Jones, David Molitor na Julian Reif waliwagawa kwa bahati nasibu: wengine waingizwe kwenye mpango wenye vipimo vya afya, maswali kuhusu mienendo yao na mafunzo ya aina mbalimbali, wengine waachwe kama walivyo. Kisha wakafuatilia gharama za matibabu, mienendo na kazi.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliwashtua wauzaji wa mipango hii. Gharama za matibabu hazikushuka. Utendaji kazi haukubadilika kwa kiwango cha kuhesabika. Mpango ulifanya watu wengi zaidi wapimwe afya, na uliwafanya waone kwamba mwajiri anajali afya yao. Hayo hayakuwa bure, lakini ni madogo kuliko ahadi zilizotolewa.

La kusisimua zaidi lilikuwa kuhusu waliojitokeza. Watafiti walipoangalia rekodi za kabla ya mpango kuanza, waliona kwamba waliohudhuria walikuwa na gharama ndogo za matibabu tangu awali na mienendo bora ya afya. Ungewalinganisha waliokuja na wasiokuja bila bahati nasibu, ungeona waliokuja wanakwenda gimu mara nyingi zaidi, ukashangilia. Walikuwa wakienda tangu zamani.

Ukumbi ule wa Illinois ulijaa watu wenye nafuu. Ukumbi wa Ukambani haujapimwa hivyo, ila orodha ya mahudhurio iliyosomwa hapo juu inatoa fununu.

Utafiti wa pili, wa Zirui Song na Katherine Baicker, uliotoka mwaka huo huo, ulifuatilia wafanyakazi karibu 33,000 wa kampuni moja ya maduka makubwa Marekani. Wafanyakazi walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao. Presha, uzito wenyewe, utoro kazini na gharama havikuonyesha tofauti. Kisha mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford akachambua majibu ya wafanyakazi 46,336 katika mashirika 233 ya Uingereza. Waliohudhuria mafunzo ya kustahimili msongo, programu za simu za kutuliza akili na mengineyo ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasiohudhuria. Kitu kimoja tu kilijitenga: wale waliopewa nafasi ya kujitolea kwa kazi za jamii walikuwa na hali nzuri zaidi.

Ukambani, ambako mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kuchimba bwawa au kujenga gabioni ni mila, hilo halitamshangaza mtu.

Wasimamizi nao wana hoja

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapo kwamba warsha zifutwe. Wanaoziendesha wana hoja nzito, na inastahili nafasi.

Kwanza, Kenya haifanani na Illinois. Kule, mfanyakazi ana bima, ana daktari, na kipimo cha presha kazini ni cha nyongeza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Katika hali hiyo, hata meza ya pembeni yenye foleni inayoongea mpira inaweza kumgundua mtu ambaye angeanguka ghafla miaka miwili baadaye. Akipimwa tena kwa utulivu kliniki na presha ikabaki juu ya 140 kwa 90, anaanzishiwa dawa. Huyo ameokolewa na warsha, hata kama ratiba yake ilikuwa mbovu.

Pili, kuna mambo ambayo mfanyakazi hawezi kuyataja ofisini mpaka mtu wa nje ayataje kwanza. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwezi Julai 2020 kwamba matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Katika chuo kidogo ambako kila mtu anamjua mke wa mwenzake, mkufunzi anayelewa kila siku huwa siri inayojulikana na wote. Mshauri nasaha akisimama mbele na kueleza kwamba ulevi ni ugonjwa unaotibika, anafungua mlango ambao mkubwa wa idara hana ujasiri wa kuugusa.

Tatu, fedha. Chuo ambacho mgao wake wa serikali umechelewa hakiwezi kuajiri mkufunzi wa pili wa umeme ili kumpunguzia wa kwanza vipindi. Kinaweza kumwalika muuguzi wa hospitali ya Makindu kwa nauli na chakula cha mchana. Mwalimu mkuu hufanya analoliweza.

Vyama: lipeni kwanza

Upande wa pili wa meza viko vyama vya wafanyakazi. UASU hutetea wahadhiri wa vyuo vikuu, KUSU wafanyakazi wengine wa vyuo vikuu, na KUDHEIHA watu wa majikoni, mabweni na kazi za mikono katika taasisi za elimu, hoteli na hospitali. Madai yao yako wazi: msongo wa mfanyakazi wa chuo unaanzia kwenye hati ya mshahara.

Mgomo wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 17, 2025 ulidumu siku 49. Kiini chake kilikuwa Sh7.9 bilioni zilizosalia kutoka mkataba wa maelewano wa 2017 hadi 2021. Yaani watu walikuwa wakidai fedha za mkataba ambao muda wake ulikuwa umekwisha miaka minne kabla. Mhadhiri aliyengoja kiasi hicho, kisha akaitwa ukumbini kufundishwa kupumua kwa kina ili kupunguza msongo, ana haki ya kuguna.

Kuna na makato. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya afya. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 nyingine. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepanda kwa awamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, na ukweli kwamba sheria hiyo hutajwa mara kwa mara kwenye ofisi za uhasibu unatosha kueleza hali za watu wanaofika pale kuomba mikopo.

Hapo ndipo semina ya fedha inapopaswa kuwa tamu kuliko zote, na ndipo inapoharibiwa kuliko zote. Anayealikwa kufundisha ni afisa wa benki au wa sacco. Huanza na bajeti ya nyumbani, akafika kwenye akiba, na kabla ya chakula cha mchana fomu za mkopo zimeshagawiwa. Mtu anayelipa deni la simu kwa deni la sacco anaingia kwa shida mbili na kutoka na tatu. Chuo kinachotaka kufundisha fedha kimtafute mtu asiye na kitu cha kuuza. Mhadhiri wake mwenyewe wa biashara yupo, na hahitaji nauli.

Shirika la Afya Duniani liko karibu na vyama kuliko wengi wanavyofikiri. Mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unatoa nafasi kwa mafunzo ya wafanyakazi, lakini unataka pia mazingira yenyewe ya kazi yabadilishwe na wasimamizi wafunzwe. Kwa lugha ya chuo: ratiba ya vipindi, mpangilio wa zamu, na namna mkuu wa idara anavyoongea na watu wake.

Mzinga wa pau

Siku ya ustawi na mafunzo ya kujiendeleza ni vitu viwili, ingawa huwekwa kwenye bajeti moja. Mafunzo ya kujiendeleza humpa mtu ujuzi wa kuondoka nao: kompyuta, lugha ya ishara, ushonaji, kilimo cha matone. Hapa Kibwezi ina utajiri usiotumiwa vya kutosha na vyuo vyake, nao ni nyuki.

Asali ya Kibwezi inajulikana kando ya barabara hii tangu zamani. Wakamba walifuga kwa mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti, na kuvuna kulimaanisha kupanda usiku, kukata masega yote na kushuka. Kazi ilikuwa ya wanaume. Mapema miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, ulibuniwa nchini mzinga unaoitwa KTBH (Kenya Top Bar Hive), sanduku lenye kuta za mshazari na pau za mbao juu yake. Kila pau ina upana wa milimita 32, sawasawa na nafasi ambayo nyuki wetu huhitaji kwa sega moja. Ukiinua pau moja, unainua sega moja, unaliangalia, na kama halijafunikwa kwa nta unalirudisha. Mzinga huning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno. Mama anaweza kuuvuna. Karani wa miaka 57 anaweza kuuvuna.

Umri huo umetajwa kwa makusudi. Watumishi wengi wa umma nchini hustaafu wakiwa na miaka 60, tangu serikali ilipoongeza kutoka 55 mwaka 2009. Warsha ya kustaafu mara nyingi huja miezi michache kabla ya barua, na humweleza mtu jinsi ya kujaza fomu za pensheni. Akifunzwa nyuki akiwa na miaka 55, anakosea mizinga miwili mitatu akiwa bado na mshahara, na anastaafu akiwa na mteja.

> Akifunzwa nyuki akiwa na miaka 55, anastaafu akiwa na mteja.

Gharama? Nairobi, kule Lenana, kuna Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo chake cha kilimo cha nyanda kavu papa hapa Kibwezi. Fundi wa useremala wa chuo cha ufundi anaweza kutengeneza mzinga pamoja na wanafunzi wake kama zoezi la darasa. Hakuna anayehitaji kupanda treni.

Treni nayo ina sehemu yake katika kisa hiki. Madaraka Express husimama Kibwezi kila siku ikielekea Mombasa, na baadhi ya abiria wake ni maofisa wanaokwenda kujadili ustawi wa wafanyakazi hotelini pwani, wakilipwa posho ya safari. Posho ya siku chache za ofisa mmoja ingenunua mizinga kadhaa.

Majirani wanafanyaje

Tanzania ilichagua njia ya hadharani. Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Zanzibar ina siku yake ya mazoezi kila Januari mosi. Uzuri wa mazoezi ya uwanjani ni kwamba hayana orodha ya vyeo. Mlinzi na mkurugenzi hutoka jasho pamoja. Ubaya ni kwamba Jumamosi ya pili ni siku ya zamu kwa mtu fulani.

Kamati ambayo tayari ipo kisheria

Kinachoweza kubadilisha hali katika vyuo hivi hakihitaji bajeti mpya wala sera mpya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya ambamo wafanyakazi wana wawakilishi wao. Inataka pia ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja kila miezi kumi na miwili. Moshi wa jikoni, kiti cha mlinzi, choo cha kibarua, taa ya njia ya mabweni: yote ni ya kamati hiyo. Hata saa ya warsha inaweza kuamuliwa humo, ili kikao kimoja kifanyike alasiri kabla ya zamu ya usiku na kingine asubuhi kwa waliolala usiku.

Vyuo vingi vikubwa huvuka idadi hiyo. Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi katika chuo chochote chenye watu 20 au zaidi kati ya Emali na Kitui, muulize HR wako mambo matatu: kamati ya usalama na afya ilikutana lini mara ya mwisho, mwakilishi wa jikoni ni nani, na ripoti ya ukaguzi wa mwaka huu iko wapi. Ni haki yako kuuliza, na majibu yanapaswa kuwa ofisini.